Lori la Dizeli na Baridi ya Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa madereva, wamiliki na mafundi wa malori na pikapu za dizeli zinazopiga kazi Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe: mbao za Mafinga, viazi vya Makete, mchele wa Mbarali, mizigo ya Tunduma. Nyuzi zote za joto zilizotajwa ni za Selsiasi. Kama una muda wa kusoma swali moja tu, soma la 14.

## Mambo ya msingi

1. Ni kweli lori la dizeli linavuta zaidi kukiwa na baridi, au ni hisia tu za dereva?

Ni kweli, ila kuna baridi za aina mbili na watu huzichanganya. Baridi ya hewa na ya mafuta huongeza nguvu. Baridi ya injini yenyewe, yaani chuma, oili na maji, huipunguza.

Lori lililolala Makambako likawashwa saa kumi na mbili asubuhi halina nguvu yoyote ya ziada katika dakika tano za mwanzo. Oili bado ni nzito, kuta za silinda zimepoa, na sehemu ya mafuta inatoka kwenye ekzosi bila kuungua. Nguvu inayosifiwa na madereva huja baadaye, injini ikishafika joto lake la kazi la nyuzi 80 hadi 90, huku nje bado ni nyuzi 8 au 10. Chuma kimepata moto, hewa bado ya baridi: hiyo ndiyo hali inayopendwa na dizeli.

Sababu kubwa ni nne: hewa nzito zaidi (swali la 2), mafuta mazito zaidi (la 4), feni iliyotulia (la 5), na injini iliyo mbali na kuchemka (la 8).

2. Hewa ya baridi inaongezaje nguvu?

Hewa ikipoa hujibana, hivyo silinda ileile hubeba hewa nyingi zaidi kwa uzito. Kwenye mwinuko wa Mbeya mjini, kama mita 1,700 juu ya bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10 ina uzito wa takriban kilo 1.02. Saa nane mchana, nyuzi 25, uzito huo umeshuka hadi kilo 0.97 hivi. Ni tofauti ya asilimia 5. Kwa kukadiria haraka, kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza hewa kwa asilimia 3.5.

Lakini hewa peke yake haiisukumi dizeli. Kwenye petroli, mafuta hupimwa kwa kufuata hewa iliyoingia. Kwenye dizeli, mguu wa dereva ndio unaopima mafuta, na hewa huingia kwa wingi kuliko inavyohitajika. Ukitembea tambarare ya Igawa na mguu nusu, hewa imebaki bure, na baridi haibadilishi chochote utakachokisikia. Tofauti huonekana mlimani, mguu ukiwa chini kabisa na mzigo umejaa, kwa sababu hapo hewa ndiyo inayopungua. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia. Hewa ikiongezeka kwa asilimia 5, sehemu ya moshi ule huungua ndani ya silinda na kugeuka kuwa nguvu.

3. Gari lenye tabo na lisilo na tabo, lipi linanufaika zaidi na baridi?

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukuma hewa nyingi kwenye silinda. Lisilo nayo (kwa mfano Land Cruiser ya 1HZ au Hilux ya 5L) hupata faida ya moja kwa moja, kwa kadiri hewa ilivyoongezeka.

Lenye tabo hupata kwa njia mbili. Tabo ikishaibana hewa, joto lake huweza kuvuka nyuzi 150. Hewa hiyo hupita kwenye intakula, ile rejeta ya hewa iliyo mbele ya rejeta ya maji, kabla ya kuingia kwenye silinda. Intakula haiwezi kuipoza hewa chini ya joto la nje. Mara nyingi huiacha nyuzi 15 hadi 30 juu yake. Kwa hiyo nje kukipoa, hewa inayofika silinda nayo imepoa. Pili, pampu nyingi za mafuta za magari ya tabo zina kidude chenye mpira kinachosukumwa na upepo wa tabo ili kuruhusu mafuta zaidi, na magari ya kompyuta hufanya kazi hiyo kwa sensa ya hewa. Hewa ikiwa nyingi, gari huruhusiwa mafuta mengi. Ndiyo maana madereva wa malori ya tabo ndio wanaoisimulia zaidi nguvu ya asubuhi.

Intakula iliyojaa vumbi, majani na wadudu hupoteza faida yote hii. Ioshe kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Maji ya mashine ya kuoshea gari hulaza mapezi yake, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo.

4. Na mafuta yenyewe?

Pampu hupima dizeli kwa ujazo, si kwa uzito, ilhali nishati imo kwenye uzito. Dizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.8 kwa kila nyuzi 10. Mafuta yakitoka nyuzi 20 asubuhi yakafika 65 mchana, kila mpigo wa pampu hubeba karibu asilimia 4 pungufu. Kwenye pampu ya zamani iliyochakaa upungufu ni mkubwa zaidi, maana mafuta ya moto ni mepesi na hupenya pembeni ya planja (kijiti cha chuma kinachosukuma mafuta ndani ya pampu) badala ya kwenda kwenye nozeli inayoyanyunyiza kwenye silinda.

Kinachopasha mafuta si jua pekee. Kila injini hurudisha tankini mafuta yasiyotumika, nayo yamekwisha kupita kwenye pampu ya moto. Tanki likiwa limejaa, joto hilo humezwa na mafuta mengi. Likibaki robo, mafuta yaleyale huzunguka mara nyingi na kupanda joto haraka. Ukijua una mlima wa Kitonga mbele yako, usiingie na robo tanki.

5. Feni inahusikaje na nguvu?

Hili ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote. Kwenye injini kubwa ya lori, feni ikishika kikamilifu huweza kula nguvu za farasi 30 hadi 50. Ulaji huo hupanda kwa kasi ya ajabu: feni ikizunguka mara mbili zaidi, inahitaji nguvu mara nane.

Malori mengi yana feni ya klachi ya silikoni. Rejeta ikiwa baridi, klachi inateleza na feni huzunguka polepole. Upepo unaotoka kwenye rejeta ukipata moto, klachi inashika na utasikia ngurumo. Asubuhi ya kipupwe lori linaweza kupanda kutoka Uyole hadi juu bila feni kushika hata mara moja, na farasi wale wote wakaenda kwenye magurudumu. Mchana kwenye mlima uleule, feni hunguruma mwanzo hadi mwisho.

Kuipima: zima injini ikiwa baridi, izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa iwe na ukinzani kidogo na isimame ndani ya mzunguko mmoja hivi. Ikizunguka kirahisi kama pia, silikoni imevuja na gari litachemka mlimani. Ikiwa ngumu wakati wote na inanguruma hata barabara tambarare, imekwama na inakuibia mafuta kila siku. Ngurumo ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha asubuhi si ugonjwa; silikoni iliyotulia usiku inarudi mahali pake.

6. Kwa jumla naongezewa nguvu kiasi gani?

Kati ya asubuhi ya nyuzi 10 na mchana wa nyuzi 25, gari zima la tabo, lenye afya, likiwa na mzigo mlimani, tegemea tofauti ya asilimia chache kwa hewa na mafuta, na zaidi kidogo feni ikihesabiwa. Lori la farasi 300 linaweza kuonekana kama limepata 20 au 30. Inatosha kukubakiza kwenye gia ya nne mahali ambapo mchana ungeshuka hadi ya tatu, na hisia hiyo ya kutobadili gia ndiyo inayomfanya dereva aone tofauti ni kubwa mno.

Usipime kwa hisia. Chagua mlima mmoja, mzigo uleule, gia ileile, na usome kasi ya chini kabisa kwa GPS ya simu, msaidizi akiwa ndiye anayesoma. Rudia asubuhi na mchana. Ukiona kasi imeshuka kutoka 32 hadi 30, ni hali ya hewa. Ikishuka kutoka 32 hadi 22, nenda swali la 14.

## Mwinuko na milima

7. Mbeya kuna baridi, mbona gari langu linavuta vizuri zaidi Dar es Salaam?

Kwa sababu mwinuko unashinda baridi. Kupanda mita 1,700 hupunguza msukumo wa hewa kwa karibu asilimia 19. Baridi ya Mbeya hurudisha sehemu tu ya hasara hiyo. Hewa ya Dar yenye nyuzi 30 ina uzito wa takriban kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Ya Mbeya yenye nyuzi 10 ni kilo 1.02. Yaani asubuhi ya baridi ya Mbeya bado ina hewa pungufu kwa asilimia 12 kuliko mchana wa joto wa Dar. Njombe na Makete pengo ni kubwa zaidi.

Gari lisilo na tabo hubeba hasara hiyo karibu yote. Lenye tabo hubeba kama nusu: tabo inayoongeza msukumo wa bari 1 juu ya hewa ya nje huipa injini jumla ya bari 2.01 pwani na 1.83 Mbeya, pungufu kwa asilimia 9. Kwa hiyo linganisha asubuhi ya Mbeya na mchana wa Mbeya, usilinganishe Mbeya na Dar. Namba ya farasi iliyoandikwa kwenye makaratasi nayo hupatikana kwa vipimo vilivyosawazishwa kwenye hewa ya nyuzi 25 na msukumo wa karibu na usawa wa bahari. Gari lisilo na tabo halitaifikia namba hiyo huku juu, hata kama ni jipya.

8. Kwa nini Kitonga inaua magari mchana kuliko alfajiri?

Mlima wa Kitonga unaanzia kwenye bonde la joto la Ruaha na unapandwa taratibu, na kasi ndogo haileti upepo wa kutosha kwenye rejeta. Rejeta hutoa joto kwa kadiri ya pengo kati ya maji na hewa ya nje. Maji yakiwa 95 na nje ni 20, pengo ni nyuzi 75. Nje ikiwa 35, pengo ni 60. Umepoteza asilimia 20 ya uwezo wa kupoza, na hapohapo feni imeshika na kula nguvu (swali la 5). Injini inalazimika kuchoma zaidi ili ipande kwa kasi ileile, na joto linaongezeka.

Chagua gia kabla ya mlima, si katikati yake. Weka injini kwenye mizunguko inayokaribia katikati ya geji. Ukiiacha iburuzwe kwa mizunguko ya chini kwenye gia kubwa, pampu ya maji na feni zote zinazunguka taratibu wakati joto ni kali kuliko yote. Geji ya joto ikivuka kawaida yake, punguza mguu na ushuke gia moja mapema. Ukifika juu usizime hapohapo. Acha injini mizunguko ya chini dakika mbili hadi tatu ili oili iendelee kuipoza tabo, la sivyo oili iliyosimama ndani yake huungua na kuacha masizi kwenye beringi.

9. Ni kweli maji huchemka mapema zaidi huku kwetu?

Ndiyo. Mbeya maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Injini inafanya kazi kwenye 80 hadi 90, na mlimani hufika 95. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa bari 0.9 husukuma kiwango hicho hadi karibu 115. Mfuniko uliokufa mpira wake, au uliobadilishwa kwa wa gari jingine, unakurudisha kwenye 94, na gari litatema maji mlimani huku geji ikionyesha halijapata joto la kutisha.

Watu hubadilisha rejeta, pampu ya maji, hata gasketi ya silinda hedi kwa kosa la mfuniko. Kabla ya yote angalia mpira wake, springi yake, na namba iliyoandikwa juu yake. Usiufungue injini ikiwa ya moto.

## Kuwasha asubuhi

10. Linawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe. Si umesema baridi ni nzuri?

Rudi swali la 1: hii ni baridi ya injini. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na chuma cha baridi hulinyonya joto hilo. Mwinuko unaongeza tatizo, kwa sababu hewa inayoingia ni chache, hivyo hata ikibanwa msukumo wake ni mdogo. Injini iliyochakaa silinda huweza kuwaka vizuri Morogoro na kugoma Mafinga.

Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, na unatakiwa uishe ndani ya dakika chache. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, angalia nozeli, taiming ya pampu, na kompresheni. Ukiwa na harufu tamu na maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi.

Kwa gari lenye plagi za hita, pima moja moja: toa waya wake, chukua taa ya kupimia iliyobanwa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, plagi ina njia, isipowaka, imekatika. Plagi moja iliyokufa kati ya nne inatosha kuifanya injini itetemeke asubuhi. Na kumbuka betri nazo hupungua nguvu kwa baridi, huku oili nzito ikidai nguvu zaidi. Oili ya 15W-40 inazungushika kirahisi asubuhi kuliko namba 40 tupu ambayo bado inauzwa kwa bei ya chini.

Usipulizie eteri kwenye gari lenye plagi za hita au hita ya hewa. Huwaka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi au pistoni. Moto wa kuni chini ya sampu nao umeunguza waya, mipira na magari mazima.

11. Nilipashe moto dakika ngapi kabla ya kuondoka?

Dakika mbili hadi tatu zinatosha kwa oili kufika kila mahali. Lori la breki za upepo litahitaji muda mrefu kidogo hadi matangi yajae na taa ya onyo izime. Kisha ondoka taratibu, bila kukanyaga hadi mwisho, mpaka geji ipande.

Kuliacha likinguruma nusu saa ni hasara. Dizeli isiyo na mzigo haipati moto. Mafuta yasiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu. Gia na difu pia hazipashwi kwa kusimama, zinapashwa kwa kutembea. Gia ngumu kilomita za kwanza za asubuhi ni oili nzito tu, usizilazimishe.

12. Fundi ametoa themostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) ili injini ibaki baridi na gari livute. Ni sawa?

Si sawa, na huku nyanda za juu ni kosa kubwa kuliko pwani. Injini isiyo na themostati ikishuka kutoka Njombe kuelekea Makambako inaweza kurudi nyuzi 50. Hapo mafuta hayaungui vizuri, oili hupata maji na kuwa tope, silinda husagika, na ulaji wa mafuta unapanda. Unachotaka kiwe baridi ni hewa inayoingia, si chuma.

Kuna jambo baya zaidi. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta, na gari huchemka mlimani kuliko lilivyokuwa. Ipime badala ya kuitupa: itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 76 hadi 88, ndiyo joto la kuanza kufunguka. Ila kwa Mbeya, kumbuka sufuria yako haitavuka 94, hivyo usiilaumu kwa kutofunguka hadi mwisho.

13. Kukiwa na barafu Makete na Kitulo, dizeli inaweza kuganda?

Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa vya kutosha nta hujitokeza kama ukungu na kuziba filta, na kiwango cha joto hutofautiana kati ya shehena na shehena. Lakini kabla ya kuilaumu nta, mwaga maji: yaliyo chini ya filta huganda kwenye nyuzi 0 na kufunga njia. Wakati wa kipupwe, hasa Juni na Julai, fungua koki ya chini ya filta kila jioni mpaka itoke dizeli safi, na ulaze gari tanki likiwa limejaa ili unyevunyevu usipate nafasi. Kuchanganya mafuta ya taa ili yasigande ni kuitoa pampu ulainisho wake (swali la 18).

## Nguvu inapopotea gari likipata moto

14. Asubuhi linavuta vizuri, likishapata moto linakosa nguvu kabisa. Ni ile hali ya kawaida?

Hapana. Tofauti ya kawaida ni ndogo, huja polepole na inafuata joto la nje. Gari linaloshuka gia mbili zaidi mchana, linalozima likipata moto, au linalorudisha nguvu likipumzishwa dakika ishirini, linaumwa. Wengi huendelea kuliendesha kwa imani kwamba "dizeli hupenda baridi" hadi pampu au injini ife.

Kwanza jiulize: linachoka kwa sababu ya joto, au kwa sababu ya muda? Anza na vitu visivyo na gharama, kwa mpangilio huu.

Fungua kifuniko cha tanki mara tu nguvu inapopotea. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na gari likarudia uzima, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Tanki lilikuwa linajinyonga polepole. Ni muda, si joto, na tiba yake ni kusafisha tundu.

Kisha filta ya dizeli, ya kwanza na ya pili. Filta iliyoziba nusu hupitisha mafuta ya kutosha tambarare na kushindwa mlimani. Angalia pia mipira ya kuvuta mafuta: ikilainika kwa joto hujinyonya na kujifunga, au huvuta hewa kwenye kiungo. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu. Ukiona mapovu, tafuta kiungo kinachovuta hewa.

Fuata upande wa hewa. Mipira ya tabo hulainika ikipata moto na mpasuko hufunguka. Moshi mweusi, mluzi, na alama ya oili kwenye mpira vinakuonyesha mahali. Wa kutoka kwenye filta ya hewa kwenda tabo nao huweza kujikunja ndani kwa kunyonywa.

Usisahau vitu visivyo vya injini. Breki zinazogusa hupanuka kwa moto na kulishika gari. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe. Klachi inayoteleza hufanya mizunguko ipande bila kasi kuongezeka, na ina harufu. Vyote viwili huitwa "injini imechoka" na wengi hulipia pampu bure.

Yote hayo yakiwa mazima, ndipo pampu (swali la 15) na kompyuta (la 17).

15. Gari likizima la moto haliwaki mpaka nimwagie pampu maji. Kwa nini?

Planja au rota ya pampu imesagika. Mafuta ya moto, mepesi, yanapenya pembeni wakati stata inazungusha taratibu, na msukumo haufikii kiwango cha kufungua nozeli. Maji hupoza pampu, mafuta yanakuwa mazito, gari linawaka. Kipimo hicho kina ukweli, ila maji ya baridi ya ghafla huweza kukamata vyuma vilivyoachana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Tumia kitambaa kilicholowa, injini ikiwa imezimwa, usubiri dakika kumi. Likiwaka, pampu ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye benchi ya kupimia. Kukaza skrubu ya mafuta hakurudishi chuma kilichokwisha.

16. Likiwa baridi linaitika haraka na kugonga, likipata moto linalegea. Pampu ni nzima na filta mpya.

Pampu za mzunguko za Toyota na nyingine nyingi zina kifaa chenye nta ambacho huwahisha taiming injini ikiwa baridi, kisha kuirudisha ikipata moto. Gari likiwa zuri katika dakika zile tu, taiming ya msingi imechelewa: mkanda umeruka jino, mnyororo umelegea, au pampu ilifungwa bila kufuata alama. Fundi aipime kwa geji ya milimita, si kwa sikio.

Kwenye magari yenye vali ya kurudisha moshi ndani, vali hiyo hufungwa injini ikiwa baridi na kuruhusiwa kufunguka ikipata moto. Ikikwama wazi kwa masizi, moshi unachukua nafasi ya hewa safi. Ifungue na uisafishe masizi hadi itembee yenyewe.

17. Kompyuta inaweza kupunguza nguvu bila kuniambia?

Ndiyo. Magari mengi ya kompyuta hupunguza mafuta pale maji, hewa inayoingia, au dizeli yenyewe ikivuka joto lililowekwa na mtengenezaji, na wakati mwingine bila kuwasha taa. Soma joto hizo tatu kwa mashine gari likiwa mlimani, si karakana. Sensa inayodanganya, inayosema hewa ni nyuzi 90 wakati si kweli, hukunyima nguvu kila mchana. Gari likilala usiku kucha, sensa zote za joto zinatakiwa zisome karibu sawa kabla ya kuwasha. Inayopishana na wenzake kwa nyuzi 15 ndiyo ya kuchunguza.

18. Mafuta yaliyochakachuliwa yanahusika?

Sana. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli, hivyo lita ileile ina nishati pungufu, na yakipata moto huwa mepesi zaidi na kupenya kwenye pampu kama ilivyoelezwa swali la 15. Hayalainishi planja wala nozeli. Gari lililochoka ghafla baada ya kujaza mahali pageni, na likichoka zaidi likipata moto, toa mafuta kidogo kwenye chupa safi, ulinganishe harufu na rangi na unayoyaamini.

## Mengineyo

19. Nikifungua skrubu ya mafuta, gari si litavuta mchana kama asubuhi?

Litatoa moshi mweusi. Kinachopungua mchana ni hewa, na kuongeza mafuta pasipo hewa hupandisha joto la ekzosi mpaka pistoni na tabo viungue. Kwa gari lisilo na tabo lililohamia huku kutoka pwani, kazi sahihi ni kinyume: kupunguza mafuta ya juu kidogo hadi moshi ukome. Utashangaa kwamba nguvu haishuki, ila ulaji unashuka.

20. Niweke katoni mbele ya rejeta wakati wa kipupwe?

Themostati ikiwa nzima, hapana haja. Katoni huifunika intakula pia na kukunyang'anya ile hewa baridi yenye faida.

21. Nikijaza mafuta alfajiri napata mengi zaidi?

Kwa kituo chenye tanki la ardhini, karibu hakuna tofauti, kwa sababu joto la chini ya ardhi halibadiliki kati ya asubuhi na mchana. Hata kama lingebadilika kwa nyuzi 10, kwenye lita 300 ungepata au kupoteza lita 2.5. Mwenye pipa shambani ndiye wa kuangalia. Pipa la lita 200 lililopimwa juani kwenye nyuzi 40 litasoma kama lita 196 likipoa hadi 15, bila mtu kuiba hata tone. Weka mapipa kivulini na upime asubuhi.

22. Mbona asubuhi gari ni jepesi injini lakini linaburuza?

Angalia matairi. Yaliyojazwa upepo wa PSI 110 Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 yatasoma kama 104 alfajiri ya nyuzi 8 Njombe, bila pancha yoyote. Jaza hadi kiwango yakiwa baridi, mahali ambapo gari hulala, na usiyapunguze mchana yakisoma juu baada ya kutembea.